Sinthi-popu ya chumbani: kinanda kimoja, kitufe kibovu, na mlio uliotokea

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Kwa ambao hawajaupitia: ndugu yetu na mwenzake wanataka kuanzisha bendi ya sinthi-popu, yaani popu inayojengwa kwa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti zake vyenyewe. Wana kinanda kimoja cha kuazima, kompyuta yenye programu ya kurekodi ya bure, na maiki moja. Mwenzake ameshikilia kwamba hawawezi kuanza mpaka wachange wanunue sinthesaiza "za kweli" kama zile za miaka ya 1980. Yeye anauliza: ule mlio unatoka kwenye vifaa, au kuna kitu kingine? Na waliowahi kuwa na bendi za kujitegemea walianzaje?

Walionitangulia wamemwaga orodha za kununua. Mimi sina orodha, na nitakuwa mrefu, kwa hiyo vuta kiti.

Nilikuwa kwenye bendi ya watu watatu kwa miaka sita: mimi kwenye kinanda, jamaa yangu kwenye mashine ya ngoma na mambo yote ya waya, na dada mmoja mwimbaji ambaye masikio yake yalituzidi sote wawili. Jina la bendi halina haja. Tulitoa kaseti moja, EP mbili (santuri fupi za nyimbo chache) na albamu moja, zote tukazirekodi chumbani, na nyingi tukazisambaza wenyewe.

Kinanda nilichoanza nacho kilikuwa sinthesaiza ya mkono wa pili, ya sauti moja. Yaani unabonyeza vitufe vitatu, kinalia kimoja. Juu ya hapo, kitufe cha F ya chini kilikuwa kimekufa kabisa. Ukikibonyeza unasikia "tak" ya plastiki, basi. Sasa nyimbo zetu karibu zote zilikuwa kwenye D ndogo (D minor), kwa sababu ndiko sauti ya mwimbaji wetu ilikokaa vizuri, na kwenye D ndogo ile F huwezi kuikwepa, ndiyo inayokuambia wimbo una huzuni. Nikawa nikifika pale naruka oktavu nzima juu, nachukua F ya juu, halafu nashuka haraka kwenye G ya chini. Nilifanya hivyo kama mtu anayeruka dimbwi kwenye njia anayopita kila siku, bila kufikiri. Baada ya mwaka na nusu mtu mmoja aliyetusikia akatuandikia kwamba anapenda "ile besi yenu inayochechemea". Tukatazamana. Besi gani inachechemea? Tukarudi kusikiliza, ikawa kweli. Kila wimbo.

Siku jamaa yangu alipofungua kinanda akasafisha vile visahani vya shaba chini ya kitufe (uchafu tu, dakika tano), F ikarudi. Nikapiga besi zetu zote kama zilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Mkuu, zilikuwa mbovu. Hazikuwa na kosa lolote, ila zilikuwa besi za mtu yeyote. Tangu siku hiyo nikaendelea kuruka kana kwamba kitufe bado kimekufa, na F ya chini nikaiwekea kipande cha gundi ya karatasi nisije nikajisahau.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Mlio wa bendi nyingi za aina hii unatoka kwenye kile walichokikosa, na ule ujanja walioutumia kukizunguka. Ukinunua kifaa walichokuwa nacho, umenunua nusu iliyo rahisi.

Chukua bendi ya The Human League ya mwanzo kabisa kule Sheffield, Uingereza. Mwaka 1978 walitoa wimbo wa "Being Boiled" kupitia lebo (kampuni ya kutoa santuri) ndogo ya Fast Product, wakiwa wamerekodi kwa kinasa sauti cha nyumbani ndani ya kiwanda kilichoachwa. Mashine ya ngoma hawakuwa nayo, kwa hiyo kiki (ngoma nzito ya chini, si kiki ya mitandaoni) na sneya (ile ngoma kali inayopasuka) walizitengeneza kwa sinthesaiza ya Roland System 100. Ndiyo maana ile ngoma inagonga kama mtu anapiga pipa lenye maji. Haifanani na ngoma ya mtu yeyote, kwa sababu si ngoma. Miaka mitatu baadaye, kwenye albamu yao ya Dare, bendi ikiwa imeshabadilika sana, walitumia mashine ya Linn LM-1 iliyobeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Albamu ile naipenda. Lakini kwa mtu anayeanza, ile ya kiwandani ina mafunzo mengi zaidi, maana ile unaweza kuirudia kesho.

Au Daniel Miller. Mwaka 1978 alikuwa na sinthesaiza ya Korg 700S ya mkono wa pili na kinasa sauti cha TEAC cha njia nne (yaani kinarekodi sauti nne kila moja kivyake), akarekodi peke yake nyumbani London nyimbo mbili za baridi kama bati usiku, akazitoa kwa jina la The Normal. Lebo aliibuni kwa ajili ya santuri hiyo moja tu, akaiita Mute, na nyuma ya jalada akaandika anuani ya nyumbani kwa mama yake. Watu wakadhani ni kampuni kweli. Wakaanza kumtumia kaseti zao. Hivyo ndivyo mtu aliyetaka kutoa santuri moja alivyojikuta na lebo iliyokuja kuzitoa bendi za Depeche Mode, Yazoo na Erasure.

Halafu OMD, bendi nyingine ya Uingereza. Andy McCluskey na Paul Humphreys walipata sinthesaiza ya Korg Micro-Preset kwa kulipa kidogo kidogo kila wiki kupitia katalogi ya mama yake McCluskey. Bendi ya Soft Cell nayo, EP yao ya kwanza ya mwaka 1980 iligharamiwa na mkopo kutoka kwa mama yake Dave Ball, mmoja wao. Ukichunguza sana utagundua sinthi-popu ya Uingereza ilidhaminiwa na akina mama, na sijaona hata mmoja wao aliyewekwa kwenye jalada.

Na asije mtu akakuambia kwamba haya ni mambo ya Waingereza peke yao. William Onyeabor, kule Enugu, Nigeria, alitoa albamu nane kati ya 1977 na 1985 kupitia kampuni yake mwenyewe ya Wilfilms, akipangilia sinthesaiza na mashine za ngoma kwenye nyimbo za dakika kumi. Francis Bebey wa Kameruni alikuwa akirekodi nyumbani Paris katika miaka hiyo hiyo, mashine ya ngoma ya bei ya kawaida huku, kalimba kule, na sauti yake nzito katikati. Nilimsikia Bebey nikiwa tayari nina miaka miwili kwenye bendi, na nilikasirika kidogo. Nilihisi nimefichwa kitu.

Turudi kwenye mlio wenyewe, kwa sababu umeuliza "hasa ni nini".

Sinthesaiza nyingi za wakati ule zinafanya kazi kwa kupunguza. Osileta inatoa wimbi lenye kelele nyingi: wimbi la meno ya msumeno linalokwaruza kama nyuki kwenye kopo, au wimbi la mraba lenye uwazi ndani yake kama filimbi ya mwanzi. Halafu filta inakata sauti za juu, na unavyoifunga sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Halafu kuna sehemu inayoamua sauti inaingia vipi na kutoka vipi: kwa ghafla, au kwa kuchomoza polepole. Ni hivyo tu. Ile besi inayodunda "dum" halafu inafungika ni filta inayofunguliwa kwa kishindo na kufungwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukiielewa hiyo moja, robo ya sinthi-popu yote umeshaielewa.

Jambo la pili watu hawalitaji sana: zile za bei nafuu zilikuwa za sauti moja. Huwezi kupiga noti tatu pamoja, kwa hiyo unapanga mistari. Mmoja anapiga mstari wa chini, mwingine anajibu juu, wa tatu anaingia kwenye nafasi walizoacha hao wawili. Sikiliza Speak & Spell, albamu ya kwanza ya Depeche Mode ya mwaka 1981, uone mistari inavyosukwa kama ukili, kila mmoja mwembamba, na kwa pamoja unapata mkeka. Anayeanza leo akiwa na kompyuta isiyo na kikomo anaanza na noti nene za mikono miwili zinazojaza chumba kizima, halafu anashangaa mwimbaji hana pa kukaa.

Jambo la tatu ni kutotulia. Osileta za umeme wa kizamani zinasogea na joto. Asubuhi ziko sawa, baada ya saa moja zimepanda. Ukiwa na osileta mbili zinazosogea kila moja kivyake, sauti inapata ule mtikisiko ambao watu huuita "joto". Mwaka 1982 kampuni ya Roland walitoa sinthesaiza za Juno-6 na Juno-60, ambazo osileta zake zinaongozwa na saa ya kidijitali, kwa hiyo hazitoki kwenye tyuni. Lakini kila noti ilikuwa na osileta moja tu, na moja peke yake huwa nyembamba, ndiyo maana wakaiwekea korasi (sakiti inayofanya sauti moja isikike kama kadhaa) ya kuinenepesha. Ile korasi ya Juno sasa watu wanaiabudu. Ilikuwa kiraka, na hivi ndivyo mambo yalivyo karibu kila mahali ukichimba.

Hata wimbo wa "Blue Monday" wa bendi ya New Order, mwaka 1983. Bernard Sumner wa bendi hiyo alikuwa ameunganisha mwenyewe sikwensa (kifaa kinachopiga chenyewe noti ulizokiingizia) kutoka kwenye vipande vya kununua. Mwenzake Gillian Gilbert ndiye aliyekuwa akiziingiza noti moja baada ya nyingine, akairuka moja kwa bahati mbaya. Melodi ikawa inateleza dhidi ya mdundo, haikai sawa. Wakaiacha. Sasa jaribu kuinyoosha kwenye kompyuta yako uisikie, halafu uniambie.

Kuhusu kurekodi. Kabla ya kompyuta sisi tulikuwa na mashine ya kaseti ya njia nne. Kwa vijana wasioijua: kaseti ya kawaida ina njia mbili upande A na mbili upande B. Mashine hizi, zilizoanza na Portastudio 144 ya mwaka 1979, zinatumia zote nne kwa upande mmoja, na nyingi zinazungusha tepu mara mbili ya kasi ya kawaida ili sauti iwe safi zaidi. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakupa dakika 15. Na njia nne hazitoshi hata kidogo. Unarekodi ngoma, besi na mstari wa juu kwenye njia tatu, unazichanganya zote kwenda njia ya nne, halafu unazifuta zile tatu ili upate nafasi ya sauti na mapambo. Ukishafuta, umefuta. Kama besi iko juu mno, itabaki juu mno mpaka Yesu arudi.

Nakumbuka usiku mmoja tumemaliza kuhamisha wimbo ambao tulikuwa tumeuhangaikia wiki mbili. Jamaa yangu alikuwa amevaa hedifoni, anaangalia vile vitaa vyekundu. Akabonyeza kurekodi sauti kwenye njia ya kwanza, mwimbaji akaimba vizuri kuliko siku zote, akamaliza, akakaa chini kwenye kitanda. Tukarudisha nyuma tusikilize. Sauti ipo, na chini yake hakuna kitu. Tepu inasema shhh tu. Jamaa yangu alikuwa ameacha swichi ya njia ya nne kwenye kurekodi, kwa hiyo muziki wote ukafutika. Mwimbaji alisema alisikia muziki ukikatika mwanzoni, akadhani ndivyo tulivyotaka, akaendelea kuimba peke yake kwa kuhesabu kichwani. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Halafu mwimbaji akasema, "Wekeni ngoma tu." Tukaweka ngoma tu chini ya sauti yake, na katikati ya wimbo nikaongeza mstari mmoja wa kinanda. Ndio wimbo wa kwanza kwenye kaseti yetu, na ndio peke yake watu walituomba kila shoo.

Nilichojifunza pale ni kitu cha kawaida sana: tulikuwa tunajaza mno. Kwenye kompyuta hakuna wa kukufutia, kwa hiyo jiwekee mpaka. Sisi baadaye tulikubaliana njia nane kwa wimbo, na anayetaka ya tisa lazima aseme anaua ipi. Mabishano yalikuwa makali, na kila mara yule wa kuuawa alikuwa mstari wangu.

Sauti ya kuimba sitaizungumzia sana, maana kwenye hilo nilikuwa mtazamaji. Ila hii niiseme. Mashine baridi inahitaji mtu mwenye damu mbele yake. Vince Clarke alipotoka Depeche Mode mwishoni mwa 1981 hakutafuta mwimbaji wa kufanana na roboti, alifanya kazi na Alison Moyet, mwanamke mwenye sauti ya bluzi, kifua kizima, na Yazoo ikawa na kile ambacho watu wengi wenye vifaa bora hawakukipata. Sisi tulimwimbisha dada yetu ndani ya kabati la nguo, mlango nusu wazi, blanketi mbili zimetundikwa, maiki imefungwa kwenye mti wa ufagio. Nguo zinameza mwangwi wa chumba, sauti inatoka kavu na karibu, kama mtu anakunong'oneza. Ukitaka mwangwi utauongeza baadaye. Ukirekodi na mwangwi wa chumba cha kuta tupu huwezi kuutoa. Kabati halina gharama, na ndiyo studio pekee niliyowahi kuifanyia kazi ambayo ilinukia sabuni.

Mazoezi tulifanya kwa hedifoni, wote watatu tumechomeka kwenye kimiksa kimoja kidogo, ili majirani walale. Mtu akifungua mlango anaona watu watatu wanatikisa vichwa kimya kimya, na anachosikia ni vitufe: tak tak tak, na dada mmoja anaimba bila muziki. Mzee wa nyumba alituuliza siku moja kama tuko salama.

Shoo ya kwanza, hii nitaieleza kwa aibu yangu mwenyewe ili isikupate. Watu watatu hawawezi kupiga mistari sita, kwa hiyo tulikuwa tumeweka ngoma na besi kwenye kaseti, tunapiga vingine juu yake. Si aibu. OMD walipanda jukwaani 1978 na kinasa sauti cha TEAC walichokipa jina, Winston, na walikiweka wazi kila mtu akione. Shida ni kwamba Winston ilikuwa mashine ya maana. Ya kwetu ilikuwa redio kaseti ndogo, na jamaa yangu aliamua kutumia betri kwa sababu tukiichomeka ukutani spika zilikuwa zinavuma mmm kama friji. Betri zilikuwa za mazoezi. Zilishachoka. Tepu ikawa inakwenda polepole kidogo tu, kiasi ambacho husikii kama ni polepole, ila kila kitu kimeshuka karibu nusu toni. Wakati huo huo kinanda changu kimekaa chini ya taa kali, kimeshika joto, na tyuni yake imepanda. Kaseti inashuka, kinanda kinapanda, na dada yetu kasimama katikati anajaribu kuamua aende na nani. Beti ya kwanza alikwenda na kaseti. Kiitikio akaja kwangu. Nikamwona akinitazama kwa jicho ambalo ndugu zangu nyumbani hunitazama nalo nikiharibu kitu cha mtu. Wimbo wa pili nikanyoosha mkono nikazima kaseti, tukamaliza kwa kinanda na makofi. Fundi mitambo wa ukumbi alikuja baadaye akasema sehemu ile ya mwisho "mlikuwa vizuri".

Baada ya hapo: kinanda kinawashwa nusu saa kabla, kinatyuniwa mara ya mwisho watu wakiwa wameshaingia na chumba kimeshapata joto lake. Betri mpya, na mpya nyingine mfukoni. Ule mvumo uliotutesa tuliutatua kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, kwa sababu ulitokana na vifaa kupitia njia mbili tofauti za ardhi. Msikate waya wa ardhi kama wanavyoshauri wengine humu, inaua watu.

Usambazaji nitaupitia haraka. Kaseti ya kwanza tulinakili wenyewe, moja moja, kwa mashine mbili, kila nakala inachukua urefu wake kamili. Majalada tulichapa kwa muhuri wa mpira tuliouchonga kutoka kwenye kifutio. Nakala hamsini, wino wa bluu, hakuna mbili zinazofanana. EP ya pili tukajifanya wakubwa, tukaikabidhi kwa msambazaji mmoja wa mtandaoni. Wimbo mmoja ukapanda kwa jina la bendi nyingine, na ilituchukua miezi kulirekebisha. Kama Miller aliandika anuani yake nyuma ya jalada na ikamletea dunia, wewe weka njia ya kukupata kwenye kila kitu unachotoa, iwe ndani ya faili lenyewe na siyo kwenye maelezo tu, maana maelezo hupotea faili likihamishwa.

Kipindi cha vifaa nacho tulikipitia. Mwaka wa nne tulipata fedha kidogo, jamaa yangu akanunua sinthesaiza mbili na mashine ya ngoma, zote nzuri, na mimi nilimuunga mkono, nisijitoe. Miezi saba hatukutunga wimbo. Kila tukikutana tunazungusha vishikizo, tunasema "ee, sikia hii", tunaagana. Mwimbaji wetu aliacha kuja Jumamosi. Alirudi tulipomwahidi kwamba mazoezi yataanza na yeye kuimba, na mashine zitawashwa baadaye.

Kwa hiyo nikwambie la kufanya na hivyo mlivyo navyo. Programu yenu ya bure ina sinthesaiza ndani yake, na hiyo ina uwezo ambao Miller hakuwahi kuuota mwaka 1978. Ifungue, achana na sauti zote zilizokuja nayo tayari, anza na wimbi la msumeno, filta imefungwa nusu. Tengeneza besi moja. Ukishaipata ihifadhi, uipe jina la kipuuzi, na uitumie kwenye nyimbo zenu zote nne za mwanzo. Mwenzako atalalamika kwamba zinafanana. Ndiyo, zifanane. Weka kinanda chenu kwenye hali ya sauti moja ili mlazimike kusuka mistari. Ngoma zitengenezeni wenyewe: kiki ni wimbi laini linaloshuka haraka kutoka juu kwenda chini, sneya ni kelele ya shhh iliyokatwa fupi. Zitakuwa mbaya wiki ya kwanza. Wiki ya tatu zitakuwa zenu.

Mwenzako mwambie hivi: akitaka kununua, asubiri nyimbo nne ziishe kabisa, kuisha kwa maana ya mtu wa nje amezisikia. Halafu anunue kile tu ambacho nyimbo hizo nne zilikililia. Huenda ni maiki. Sisi ilikuwa kebo.

Na kile kinanda cha kuazima, kabla mwenyewe hajakidai, kaa nacho jioni moja. Bonyeza kitufe kimoja kimoja kuanzia chini kabisa mpaka juu, polepole, uandike kwenye karatasi kipi kinachelewa, kipi kinakwaruza, kipi hakilii. Karatasi hiyo usiipoteze.